Injini Iliyolala Mlangoni Petu

Mwende wa mama,

Sanduku lako liko kando ya mlango, limesimama kama mgeni aliyekataa kiti. Sitalifungua kuangalia umesahau nini. Unakunja nguo zako mwenyewe tangu ukiwa darasa la tatu, na sweta nimeona umeiweka juu, maana yake baridi ya Naivasha umeshaifikiria. Habari za kula vizuri na kufunga mlango kwa komeo nimeziruka pia. Zote unazijua, na zile usizozijua hutanisikia.

Jua bado liko kwenye mabati. Wewe umeenda Gatina kuaga wenzako, na Wandera wangu ameenda kutafuta kamba ya kufungia injini. Nimebaki peke yangu juu ya kitanda hiki na karatasi. Shuleni insha ndiyo niliyoiweza kuliko yote, halafu nikaja Nairobi nikauza mapazia ya mitumba pale stendi ya 46, na mteja wa pazia hahitaji insha. Kwa hiyo nivumilie, mkono umekauka.

Nitakuambia kinachonifanya niandike. Asubuhi ulikuwa bombani unapiga mswaki, ukasema bila kugeuka, "Mathe, mimi nitapanda matatu. Hiyo pikapu, Fundi aende nayo na injini yake." Ukasukutua, ukatema, ukaingia ndani. Wandera alikuwa amesimama nyuma yako na kikombe cha chai. Alisikia kila kitu. Alikunywa ile chai mpaka ikaisha, akaniuliza, "Mama Mwende, kwani nilimkosea wapi?"

Na mimi ninayejulikana plot nzima kwa maneno, nilikosa neno. Ndilo ninalotafuta sasa. Kesho pikapu itakuja kuchukua injini, na Wandera atapanda nyuma kuishikilia mpaka ziwani, akaifunge kwenye boti. Mbele kuna nafasi yako. Ukiikataa ni sawa, wewe ni mtu mzima. Lakini nataka uikatae ukiwa umejua mambo yote.

Nitaanzia mbali, na najua utasema, "Mathe ameanza."

Wandera alikuja kwenye meza yangu siku ya mvua akaomba pazia zito. Nikamuuliza dirisha lina upana gani. Akasema, "Si la dirisha. Ni la injini." Alikuwa na kibanda chake Kibera, kando ya reli, nguzo nne na mabati juu, akitengeneza mashine za posho na pampu za maji, na mvua ilikuwa inamwingilia kwa ubavu. Nilimtolea zile za kijivu, za bei ndogo. Akazipita zote. Akachomoa lile la maua makubwa mekundu, lile ambalo wewe mwenyewe ulisema hakuna mtu mwenye akili atalinunua. Nikamwambia, "Hilo ni la sebule, baba, litachafuka oili." Akasema, "Injini nayo ni mgonjwa. Mgonjwa hupenda kuona maua."

Mwende, nilicheka mpaka nikashika meza. Mimi! Ulikuwa umenisikia nikicheka hivyo lini? Wiki iliyofuata akaja kununua pazia lingine, na nyingine akaja kununua lingine, na injini ilikuwa ni ile ile moja. Nilijua. Alijua kwamba nimejua. Hata sasa nikiandika hivi mashavu yanapata moto, mwanamke wa umri wangu, mwenye binti aliyemaliza shule. Akipiga mluzi akiingia plot, moyo wangu unaruka kabla ya masikio kusikia. Akinawa mikono naipenda ile mikono, na haijawahi kutakata hata siku moja. Siku tulipofunga ndoa kanisani alikuwa ameisugua kwa mchanga na sabuni ya unga mpaka ikawa nyekundu, na bado kulikuwa na mstari mweusi chini ya kila ukucha, na mimi niliona ni mikono ya bwana harusi mzuri kuliko wote waliowahi kusimama pale mbele.

Haya, nimeyamwaga. Sasa nikueleze upweke wangu. Tangu uzaliwe, kila kilichonifurahisha nimekisimulia kwako. Nikiuza vizuri, nakimbia kukuambia. Nikiota ndoto ya kijinga, wewe ndiye wa kwanza. Halafu likaja jambo la furaha kuliko yote, na wewe peke yako ndiye nisiyeweza kukuambia, kwa sababu nilikuwa naona linavyokuuma. Nimekuwa bibi harusi ambaye hana wa kumsimulia. Nacheka na Mama Brayo wa chumba cha pili, lakini Mama Brayo si wewe.

Na kukuuma, nilikuuma mimi. Chumba chetu ni kimoja, na wiki ile ya harusi nilibeba godoro lako kwa mikono yangu nikalipeleka kwa Mama Brayo. Sikukuuliza. Nilikuambia kwa ile sauti yangu ya furaha, "Utalala na kina Brayo kidogo, si mtapiga stori?" kama vile nakupa zawadi. Nilidhani hata wewe unafurahi. Mtu mwenye furaha nyingi, Mwende, haoni vizuri. Ni kama kutazama jua halafu uingie nyumbani: unagonga kila kitu.

Ndipo injini ikaja.

Unakumbuka walivyoishusha wanaume sita, ikakwama kwenye lango, na keyteka, msimamizi wa plot, akapiga kelele, "Nyinyi! Hii ni plot ama ni ziwa?" Ilikuwa imetoka kwa yule mama mwenye kambi ya wageni Naivasha. Boti yenyewe haina propela. Inanyonya maji kwa chini na kuyatema nyuma kwa nguvu mpaka chombo kinaruka mbele. Siku moja ikanyonya magugu badala ya maji, ikakosa cha kuipoza, ikachemka mpaka ikafa katikati ya ziwa na wageni ndani. Wandera hakuweza kuipeleka Kibera. Chuma kama kile hakilali chini ya nguzo nne. Na ndani kwetu haikuingia. Ikakaa hapo mlangoni, imefunikwa pazia la maua.

Usiku wa kwanza akaniambia, "Mwende arudi kitanda chake. Mimi nitalinda mzigo." Akatoa benchi, akatoa blanketi, akalala nje. Na usiku wa pili. Na wa tatu. Mama Brayo akaanza: "Mama Mwende, hebu tuambie, uliolewa na fundi ama uliolewa na injini?" Wanawake wa bombani wakaniita Mke Mwenza. Nilicheka nao halafu nikaingia ndani nikanuna. Wewe ukasema nyuma ya pazia lako linalogawa chumba, "Huyu jamaa anapenda injini kuliko wewe, mathe." Na mimi nikafikiri ni kweli.

Nilimuuliza baadaye, hasira ikiwa imenifika hapa shingoni. Nikamwambia mwizi gani atabeba kitu kilichowatoa jasho wanaume sita? Akakuna kichwa. Akasema kwao Port Victoria mwanamume hawezi kulala chumba kimoja na binti mkubwa wa mkewe. Ni aibu kwake na ni dharau kwa binti. Nikamwambia ndiyo maana nilikuhamisha. Akasema, "Ulimhamisha. Lakini mimi ndiye nimekuja. Anayekuja ndiye hulala mlangoni."

Hivyo tu. Injini ilimpa sababu ambayo haikumwaibisha mtu. Sikukuambia, kwa sababu aliniomba nisikufanye ujihisi una deni lake. Leo nimevunja ombi hilo, na nitamwambia kwamba nimelivunja.

Na ile asubuhi ya mvua! Niliamka nikakuta injini imefunikwa pazia, na juu ya pazia koti lako la mvua, limefungwa vizuri kwa kamba za viatu, halafu kando yake Wandera kwenye benchi, ameloa kama shuka iliyotoka kwenye beseni. Ulitoka wakati wa mvua ukafunika injini ukamwacha yeye. Nilitaka kukuchapa, ukubwa huo wote. Lakini yeye alicheka mpaka akakohoa. "Amefunika mgonjwa," akasema, "amemwacha muuguzi. Huyu ana roho ya ufundi." Kuanzia siku hiyo akaanza kukuita Injinia, nawe ukamwita Fundi, ukakataa kumwita jina lingine lolote. Nilikuwa nakuona, lakini. Ulianza kupitia pale na kikombe chako. Halafu ukawa unashika tochi. Halafu spana. Halafu nikawa naita mara tatu ndiyo mnasikia kwamba ugali uko tayari.

Sasa ile siku ya kuijaribu, ambayo plot nzima bado inanicheka. Tulikuwa tumepata maji siku hiyo, drum limejaa, paipu moja inanyonya maji ndani ya drum, nyingine inayatoa yakiwa ya moto. Injini ilipowaka watoto walikimbia, mabati yakatetemeka, na Mama Brayo akaja na beseni: "Maji moto ya bure, jameni!" Wanawake wakapanga foleni na nguo zao chafu. Keyteka analalamika, "Hiyo kitu itakunywa maji ya plot yote," huku na yeye amebeba ndoo.

Na mimi nikaona mume wangu amesimama pale, shati limejaa masizi, anasikiliza injini ameinamisha kichwa kama anasikiliza mtoto akisoma, na nikajaa mapenzi mpaka nikahisi lazima nimpe chai. Sasa hivi. Nikaenda kwenye drum na sufuria. Paipu ilikuwa inanizuia. Nikaichomoa kidogo tu nichote. Mama Brayo akaniuliza, "Kwani huyu Fundi wako alijifunzia wapi?" Basi, nani angeninyamazisha? Nilimpa habari za Wandera tangu utoto wake, sufuria mkono huu, paipu mkono huu, mpaka wewe ukapiga ukelele: "Mathe, paipu!"

Umeshajua mengine. Lile gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, linalosukuma maji ndani ya pampu, lilikuwa jipya. Likizunguka bila maji huungua mara moja. Lilitoka likinuka kama kiatu kilichotupwa motoni. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia mbele ya watu wote, na chai sikupika.

Kwa watu wengine hapo ndipo hadithi huishia, fundi hutukana na mke hunyamaza. Lakini wewe hukumwacha atafute mpira mwingine afunge tu. Ulisema, "Fundi, lile gurudumu la zamani lilitoka na bawa moja halipo. Nilikuuliza." Akajibu, "Nilikuambia limeenda na maji." Ukasema, "Na kama halikuenda?" Ukachukua spoku ya baiskeli, ukaanza kuchokoa paipu moja baada ya nyingine, na watu wakachoka wakaenda, na wewe bado unachokoa, mpaka ukatoa kile kipande cheusi, kidogo kama ukucha, kilichokuwa kimeziba njia ya maji tangu ziwani. Wandera alikishika, akakigeuza. Keyteka alikuwa bado yuko. Mama Brayo alikuwepo. Wandera akasema kwa sauti mbele yao, "Nilisema limeenda na maji kwa sababu nilikuwa mvivu kutafuta. Huyu hakuwa mvivu." Nilikuona ukigeuza uso pembeni kuficha meno.

Sisemi kwamba kosa langu liligeuka baraka. Usinisikie vibaya. Kosa lilikuwa kosa, na mpira ulinunuliwa mwingine. Nilichojifunza ni kitu kidogo kuliko hicho: kwamba mapenzi yangu yalitaka sana kuonekana, hata nikamwondolea mtu maji ili nimpikie chai. Nimekufanyia hivyo mara nyingi. Lile godoro lilikuwa hivyo.

Na kuna la zamani zaidi. Baba yako alipotuacha akaenda kuanza nyumba nyingine Kitui, niliapa sitamhitaji mtu, na kile kiapo nilikulisha pamoja na uji. Nilikufundisha usiombe chumvi kwa jirani. Nilikufundisha mtu akikupa kitu uangalie nyuma yake anataka nini. Nilidhani nakupa silaha. Halafu mimi mwenyewe nikaja nikafungua mlango kwa sababu ya mzaha mmoja wa pazia, na wewe nikakuacha umesimama na silaha mkononi, hujui uipeleke wapi. Sikulaumu ukimwelekezea yeye. Ni mimi niliyekupa.

Sasa nifike pale panapouma. Mama wa kambi alipokuja kuona injini yake, wewe ndiye uliyeiwasha. Akasikiliza, akafurahi, akamwambia Wandera, "Fundi, njoo ukae huko kwangu. Nyumba ya kulala iko, boti ni tatu, na hakuna mtu anaelewa hizi vitu." Na Wandera akafuta mikono, akakuonyesha kwa kidevu: "Chukua huyu. Yeye ndiye alipata ugonjwa. Mimi nilikuwa nimeshaupita."

Ulikubali kazi pale pale, ukashukuru vizuri, halafu ukaweka spana chini ukaenda kuzunguka huko mtaa wa Kongo mpaka jioni. Uliporudi ulisema nyuma ya pazia, taratibu, "Amenitoa kama mzigo. Sasa chumba ni chenu."

Mwende, sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hatia, na hatia haikuwa ya Wandera. Aliposema "chukua huyu," kabla sijafikiri chochote, macho yangu yaliingia ndani yakapima kitanda chako. Kama ninavyopima dirisha la mteja. Niliona pazia la katikati limeondolewa, niliona benchi limerudi ndani, niliona mume wangu amelala pakavu, na nikafurahi. Muda wa kupepesa jicho. Halafu nikakuona wewe, na nikatamani ardhi initafune. Kama kuna mtu siku ile aliyetaka nafasi yako, ni mama yako. Umwekee hasira mtu anayestahili.

Yeye nilimuuliza kwa nini hakwenda mwenyewe. Unamjua, ni mtu wa ziwa. Huku Nairobi mvua ikijaza mtaro anasimama kuutazama kana kwamba kutapita mtumbwi. Kazi ile ilikuwa karibu sawa na kurudishwa kwao. Akasema, "Mimi nimeoa hapa. Meza yako iko hapa." Halafu akasema, "Na huyo mtoto nitamfundisha nini tena na drum moja? Anahitaji maji mengi." Akaongeza, "Lakini asiende kama aliyetolewa. Mtu aliyetolewa harudi."

Basi hilo ndilo jibu la "nilimkosea wapi." Nimelizunguka kurasa hizi zote. Hakukukosea.

Kesho mkiondoka, wote wawili, mtaniacha kwenye chumba hiki siku kadhaa mpaka boti itembee. Sijawahi kulala peke yangu tangu nikuzae. Nimekuwa naota chumba kipana, sasa kimekuja, na nakiogopa. Hapo mlangoni patabaki doa la oili, umbo la injini kabisa. Mama Brayo ameahidi kuniletea jivu tulisugue. Nitamwambia bado. Kitanda chako nacho hakiondoki, wala pazia lako. Wandera amesema ukija likizo benchi analo, na mimi nimemwambia tutaona, pengine zamu hiyo nitalala mimi huko nje nione kuna nini kizuri.

Sikuombi umwite baba. Fundi ni jina zuri, analipenda. Sikuombi hata muongee njiani. Pikapu ina kelele. Ila ukiamua kukaa pale mbele, utamwona kupitia kioo cha nyuma, amekaa kwenye upepo, ameikumbatia injini yenu.

Koti lako la mvua nimelikausha, na lile pazia la maua nimelifua mara mbili, oili imekataa kutoka. Nimeviweka vyote juu ya sanduku. Mkifika Limuru kutakuwa na mvua, Limuru haikosi. Funika injini, mwanangu. Na safari hii, mfunike na yeye.

Mama yako, ambaye ameketi hapa anasikiliza kama ni hatua zako hizo zinazoingia langoni